Jua Haliingii Ndani ya Gambuti

Siku niliporudisha funguo za maabara, karani wa ofisi ya wafanyakazi alinipa fomu ya kurasa nne na kuniuliza koti la kazi liko wapi. Nikamwambia la kwanza lililiwa na panya na la pili ndilo nimevaa. Akaandika: "Koti moja, limechakaa." Hivyo ndivyo kazi yangu ya miaka thelathini na minne ilivyofungwa, na sina kinyongo. Karani yule aliandika ukweli kuliko watu wengi waliowahi kuandika habari za maabara yetu.

Vijana mliobaki pale mmeniomba niwaachie machache. Brian, anayeshika mashine yangu sasa, alisema kurasa mbili zinatosha kwa sababu watu hawasomi. Nitazidisha kidogo. Hospitali siitaji jina, maana bado ninatibiwa presha palepale na ninadungwa sindano na watu walewale nitakaowasema.

Mimi ni Emily Chelangat, mzaliwa wa Ndanai. Niliajiriwa katika chumba kinachopokea nyama iliyokatwa kwa mgonjwa. Tunaiweka kwenye fomalini isioze, tunaigandisha ndani ya nta iwe bloki ndogo inayoenea kiganjani, kisha tunaikata vipande vyembamba kuliko karatasi na kuvipaka rangi ili daktari aviangalie kwa darubini na aseme kama ni saratani. Daktari ndiye anayetia sahihi. Sisi ndio tunaonuka fomalini.

Aliyenipokea siku ya kwanza ni Mzee Njoroge, mtu wa Londiani, mwembamba, mwenye sweta moja ya kijani aliyoivaa hata Januari. Hakuniuliza cheti. Alinipa maini ya ng'ombe kutoka buchari, yakiwa yameshawekwa kwenye nta, akasema, "Kata mpaka niweze kusoma gazeti nikitazama kupitia hapo." Nilikata maini wiki tatu. Visu vya mashine wakati huo tulivinoa wenyewe, kwenye jiwe kisha kwenye mkanda wa ngozi, na ukikosea kidogo kila kipande kinatoka na mstari. Siku moja nilimuuliza nitaanza lini kukata nyama ya watu.

"Huyo ng'ombe amelalamika?" akaniuliza.

"Hapana, Mzee."

"Mtu atalalamika. Endelea."

Kwake nilijifunza kupoza bloki kwenye barafu kisha kuipumulia mara moja, kama mtu anayesafisha miwani, ili nta isipasuke. Nilijifunza pia kusoma fomu ya mgonjwa kabla ya kufungua chupa, jambo ambalo madaktari wengine niliowaona baadaye hawakuwahi kujifunza hata baada ya digrii tatu.

Ni kwa kusoma fomu ndipo Njoroge aligundua habari ya nyayo. Mara kwa mara tulipokea kipande cheusi kilichotolewa chini ya mguu. Fomu zilifanana: kidonda kisichopona, mkulima, Sigor. Kidonda kisichopona, mchuma chai, Sotik. Daktari akiangalia anaandika melanoma, yaani saratani inayoanzia kwenye chembe zinazoipa ngozi rangi. Kitabu kimoja tu tulichokuwa nacho kilisema ugonjwa huo ni wa watu weupe wanaolala juani, na kilikuwa na picha nyingi za migongo ya Wazungu. Njoroge alikisoma akakifunga polepole, akikumbuka buti za mpira wanazovaa wachuma chai.

"Sasa jua linaingiaje ndani ya gambuti?" akauliza.

Ili apate jibu mwenyewe, akafungua kauntabuku nyeusi, daftari nene la jalada gumu, na kuanza kuandika kila melanoma ya unyayo: jina, kijiji, namba ya bloki. Bloki zenyewe alizitenga. Droo zilipojaa, tukazihamishia kwenye masanduku ya mbao yaliyokuwa yakipakiwa chai, ambamo panya walikuja kuonja nta. Njoroge alistaafu akaniachia kauntabuku na vita vya panya. Alifariki akiwa kwake Londiani, shambani mwa viazi, na hakuna mkutano wowote wa kisayansi ulionyamaza hata dakika moja kwa ajili yake.

Wagonjwa walikuwa wanakuja wamechelewa. Ni rahisi kuwacheka waganga waliowapaka majivu ya miti, na sisi tuliwacheka sana. Lakini ukisoma mafaili, wengi walipita zahanati tatu kabla ya kufika kwetu, na kila moja iliwapa krimu ya fangasi. Majivu yalikuwa na faida moja: mganga alimvua mgonjwa kiatu na kuutazama mguu.

Miaka michache kabla sijastaafu, tuliletewa ushirikiano. Ndivyo ulivyoitwa. Daktari Koros, mkuu wa patholojia, alituita akiwa amevaa tai na kutangaza kwamba chuo kikubwa cha ng'ambo kinataka kuchunguza jeni za melanoma kwa Waafrika: ni maandishi gani ndani ya chembe yaliyoharibika mpaka ikaasi, na yaliharibikaje. Nilifurahi. Nilikimbilia kauntabuku ya Njoroge. Daktari Koros akaishika kwa vidole viwili na kusema ni kazi nzuri ya kiasili.

Profesa wa chuo hicho alikuja na bango lenye picha ya jua kubwa la manjano. Alikuwa mrefu, mpole, mwenye kaptura, na kwa rangi ya shingo yake ile wiki ya kwanza, yeye mwenyewe ndiye angekuwa mgonjwa wa kwanza wa utafiti wake. Walileta kofia pana kwa wachuma chai na katoni za krimu ya kuzuia jua. Kofia zilivaliwa kanisani. Krimu ilifanya kazi vizuri sana wakati wa kukamua, na kuna ng'ombe wa Bomet ambao chuchu zao hazitaungua na jua maisha yao yote.

Kisha yakaja maswali. Niliombwa kuyatafsiri kwa Kipsigis kwa sababu kijana wao wa Nairobi alijua "chamgei" tu, yaani salamu. Mgonjwa wa kwanza alikuwa Mama Rael, mjane wa Ndanai mwenye chai yake kidogo na ng'ombe wawili. Mwaka uliotangulia alikatwa kisigino, na mimi ndiye niliyekata bloki yake. Alikaa akanyoosha mguu uliofungwa bandeji, fimbo mapajani.

"Anauliza ukiwa mtoto ulikuwa ukiota jua ufukweni," nikamwambia.

"Ufukwe ni wapi?"

"Mombasa. Kwenye mchanga."

"Mwambie nilikuwa nikichunga mbuzi Ndanai. Jua lenyewe ndilo lilikuwa likiniota mimi."

Swali la tisa lilikuwa rangi ya nywele zake za asili: za dhahabu, nyekundu, kahawia, au nyinginezo. Mama Rael akavua kitambaa cha kichwa ili Profesa ajionee, akauliza kama huwa kuna mtu anayekosea jibu la swali hilo. Profesa, kusema haki, alikuwa mwekundu hadi masikioni, na safari hii si kwa sababu ya jua. Ila hakuna aliyemuuliza Mama Rael ametembea peku miaka mingapi, kiatu chake kilimbana wapi, au lile doa lilianzia kando ya jeraha gani. Fomu ilikuwa na kurasa kumi na moja na mguu haukutajwa.

Vipande vya kwanza vilipelekwa ng'ambo. Jibu likarudi kwa lugha ya adabu sana: DNA imevunjika vipandevipande, haisomeki. Daktari Koros alisoma barua hiyo mbele ya wote akasema, "Madam Chelangat, umetuaibisha kimataifa."

Nilitaka kukasirika, lakini nilikwenda nikaangalia chupa zangu kwanza. Kosa lilikuwa langu, au sehemu yake kubwa. Fomalini tuliyokuwa tukichanganya kwa maji ya mfereji ilikuwa ikigeuka kuwa asidi polepole, na asidi hula DNA. Kwa darubini huoni kitu, kipande kinapendeza kabisa. Tena thieta walikuwa wakikata mguu Ijumaa alasiri, wanautia kwenye ndoo au kopo kuu kuu la mafuta ya kupikia, na kuniletea Jumanne. Sasa andikeni hili, hata kama hamtaandika lingine: tieni chumvi za fosfeti kwenye fomalini isiwe asidi, pasueni kipande kikubwa ili dawa iingie ndani, na andikeni saa juu ya chupa, saa kilipoingia na saa kilipotoka. Nilikwenda thieta kulisema hili. Sista wa thieta akaniuliza tangu lini watu wa mochari wanawafundisha upasuaji. Nilimwachia kalamu iliyofungwa kwa kamba kwenye rafu ya chupa. Aliivunja ya kwanza. Ya tatu aliizoea.

Hata hivyo zilikuwapo bloki zilizopona, chache za karibuni zilizokaa kwenye fomalini muda mfupi, na hasa zile za enzi ya Njoroge, ambaye alikuwa akitia fomalini fosfeti kwa mkono bila kumwambia mtu kwa nini. Profesa aliposikia hivyo alitaka zote. Makubaliano yalikuja yakiwa yameshapigwa chapa: masanduku yote ya nyayo yapelekwe ng'ambo kwa usalama wa sampuli. Daktari Koros alikuwa ameshatia sahihi. Nami nilipaswa kupakia.

"Daktari," nikamwambia, "wengine wa hawa wako hai. Mama Rael nilimwona sokoni juzi. Akihitaji bloki yake nimwambie iko wapi, angani?"

"Kule kuna friji za kisasa. Hapa kuna panya."

"Panya nitawamaliza. Vipande nitawakatia wanavyotaka. Bloki zibaki."

"Unajua unahatarisha ushirikiano?"

 Nilikwenda kwa Profesa mwenyewe, jambo ambalo lilionekana utovu wa nidhamu, nikamweleza kwamba kwa kusoma jeni hahitaji bloki nzima, anahitaji vipande vichache vilivyokunjana ndani ya kichupa. Akasema, "Bila shaka. Nilidhani ninyi ndio mnataka kuziondoa." Aliambiwa hivyo na Daktari Koros. Na Daktari Koros aliambiwa na ofisi ya Profesa kwamba bila bloki hakuna mradi. Watu wawili wenye digrii nyingi walikuwa karibu kuhamisha miguu ya watu wa Bomet kuvuka bahari kwa sababu kila mmoja alimstahi mwenzake.

Nilikata kwa wiki saba. Kila mgonjwa blade yake mpya, mashine inafutwa, glavu zinabadilishwa, kwa sababu vumbi la nta ya mmoja likiangukia kwa mwingine, utasoma jeni za mtu wa Sigor kwa jina la mtu wa Sotik. Mabega yaliniuma mpaka nikawa nalala nimekaa. Wale panya niliwamaliza kwa paka wa jikoni, ambaye hakutajwa kwenye shukrani za utafiti. Nami vilevile.

Majibu yalipokuja, yalimjibu Njoroge. Jua likiharibu DNA huacha alama yake, kama mwizi anayepita kila nyumba kwa namna moja, na kwenye nyayo zetu alama hiyo karibu haikuwapo kabisa. Uharibifu ulikuwa wa namna nyingine: mapande makubwa ya kromosomu yaliyokatika, yakaunganishwa ovyo, mengine yakanakiliwa mara nyingi. Jeni ile maarufu inayoharibika kwa Wazungu haikuwa na kosa kwa wengi wetu. Wachache walikuwa na kosa kwenye jeni nyingine iitwayo KIT, ambayo kwa kawaida huiambia chembe ikue inapopata amri. Kwao ilikuwa imenata ikiwa wazi, kama pikipiki ambayo mpini wa mafuta umekwama ukiwa umevutwa. Ni kitu gani hasa kinaanzisha, kukanyaga na kubanwa miaka mingi au jambo jingine, mpaka leo hakuna anayejua kwa hakika. Profesa alisema hivyo wazi, na kwa hilo nilimsamehe swali la nywele. Bango la jua lilikunjwa. Daktari Koros akasafiri kwenda mkutanoni na kueleza kwamba siku zote alikuwa na mashaka na jua.

Karatasi ya majibu haikuwa na majina, namba za siri tu. Ufunguo wa namba hizo ulikuwa kwenye kompyuta ya mradi, na ulikuwa pia kwenye kauntabuku nyeusi, maana nilipokuwa nikikata niliandika namba ya siri kando ya kila jina. Kauntabuku hiyo hakuna aliyeiona kuwa ya hatari kwa sababu ilikuwa ya kiasili. Wiki hiyohiyo Mama Rael alilazwa na uvimbe kwenye mtoki, yaani tezi ya kinena. Niliukata, nikaupaka rangi, na ilikuwa melanoma ileile imepanda. Nikafungua kauntabuku. Namba yake ilikuwa kati ya zile chache za KIT.

Kwa wenye kosa hilo ipo dawa ya vidonge, inayotumika pia kwa aina fulani ya saratani ya damu. Haimsaidii kila mtu, na anayesaidiwa haimsaidii milele. Nilimpelekea Daktari Koros karatasi.

"Huu ni utafiti," akasema, "si matibabu. Hatuwezi kumpa mgonjwa jibu la utafiti. Kuna maadili."

"Basi tumfanyie kipimo cha matibabu. Bloki ipo, ya kisigino na hii ya mtoki."

"Na ulijuaje ni yeye?"

"Nimekata bloki zake zote mbili, Daktari. Ninamjua."

 Sitamnyima haki yake: jambo alilosema kuhusu maadili lilikuwa kweli, na kama kila fundi wa maabara angefungua daftari na kukimbilia wadini, tungeua watu kwa vipimo visivyothibitishwa. Ila sikukubali kwamba dawa ya tatizo hilo ni kunyamaza. Mwishowe akachukua kalamu na kuandika ombi la kipimo.  Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mingi kutia sahihi kitu ambacho hakikuwa na nembo.

Kipimo kilithibitisha, kwenye kisigino na kwenye mtoki. Mtoki ulikuwa na makosa ya ziada ambayo kisigino hakikuwa nayo, kwa hiyo ugonjwa ulikuwa umeendelea kujiandika upya safarini. Daktari wa saratani alimwanzishia vidonge. Uvimbe ulisinyaa. Akarudi Ndanai, akapogoa chai yake mwenyewe akiwa amekalia stuli, akifokea kila aliyejaribu kumsaidia. Alipata mwaka mmoja na miezi minne.

Katikati ya muda huo alikuja maabara na binti yake Chebet, akasema anataka kuona hicho kitu chake. Sheria haikuruhusu. Nikakileta. Akakiweka kiganjani: nta nyeupe, na ndani yake alama nyeusi ndogo kuliko punje ya mtama, maana nilikuwa nimeikata sana.

"Hiki ndicho walitaka kupanda nacho ndege?"

"Ndicho."

"Mimi mwenyewe sijawahi kupanda." Akakigeuzageuza. "Nikienda, hiki kitabaki hapa?"

"Kitabaki, Mama. Kwenye droo."

"Na nani?"

Nilianza kumweleza habari za namba na makabati ya chuma, kisha nikaona si hilo alilouliza. Akanirudishia.

Ugonjwa ulirudi mapafuni na haukuvisikia tena vidonge. Alifariki kwake, watoto wakiwapo. Siku mbili kabla ya mazishi, Chebet alisimama mlangoni mwa maabara na leso kichwani. Hakutaka kukaa.

"Mama alisema kisigino hatukukiona tena kilipokatwa," akasema. "Akasema kile kidogo kilichobaki, nikuombe wewe, nisimwombe daktari."

Bloki ni rekodi ya hospitali. Inatakiwa kutunzwa miaka mingi, na mradi ulikuwa bado unaitaja kwenye orodha yake. Nilishawahi kumwambia Daktari Koros kwamba haitoki humu kwa sababu ni ya mgonjwa, na nililisema kwa sauti kubwa, nikajisikia mtu wa maana. Sasa mgonjwa alikuwa amemtuma binti yake. Niliibakiza ya mtoki ili rekodi isipotee kabisa. Ya kisigino niliifunga kwenye karatasi safi, nikampa. Aliitia kifuani ndani ya nguo na kuondoka, hakuniambia asante, wala sikuitarajia.

Jambo hili sijawahi kumwambia mtu mpaka leo. Brian, ukikagua droo ya nyayo utakuta nafasi moja tupu, na kadi ndani yake, kama tunavyoweka bloki ikiazimwa. Mwandiko ni wangu. Panapoulizwa imechukuliwa na nani, nimeandika: "Mwenyewe." Panapoulizwa itarudi lini, sikuandika kitu.